Shemeji kapulizishwa kipima ulevi, kesi Jumatano: akiri au akane?

Mwanga Hafifu (mtoa uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Naenda kwenye mada moja kwa moja.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alisimamishwa usiku kwenye kizuizi cha polisi, akapulizishwa, kifaa kikasoma juu ya kiwango. Wakampeleka kituoni, akapuliza tena kwenye mashine kubwa ya mezani, akalala mahabusu hadi asubuhi. Katoka kwa dhamana, Jumatano anatakiwa kizimbani. Hajagonga mtu, hajagonga gari. Leseni wamebaki nayo.

Sasa nyumbani kila mtu kawa wakili. Baba mkwe anasema akiri, alipe faini, yaishe. Wenzake wanamwambia akane hadi mwisho kwa sababu "zile mashine ni mbovu zote". Mwenyewe ni dereva wa kuajiriwa, leseni ikienda na kazi imekwenda. Nchi sitaitaja, shauri lipo mahakamani na hapa wanasoma wengi. Wenye uzoefu naomba mnisaidie: ni nini hasa kinaweza kumpata, na je, upo utetezi wa kweli au ni stori za vijiweni tu?

Tairi Kipara

Nimevuta kiti, nasubiri wajuzi.

Boda Bila Breki

Amwambie hakimu alikunywa dawa ya kikohozi. Kesi imeisha hiyo.

Karani Mstaafu

Dada Mwanga, poleni. Mimi si wakili. Nimefanya kazi masijala ya mahakama hadi nikastaafu, na mafaili ya namna hii yamepita mikononi mwangu mengi mno. Kabla hamjabishana akiri au akane, hebu mwambieni asome hati ya mashtaka. Kashtakiwa kwa kosa lipi?

Nchi nyingi zina makosa mawili hapa na watu huyachanganya. Kuna kuendesha ukiwa na kilevi mwilini kuzidi kiwango kilichowekwa na sheria. Kwa kosa hilo hakuna anayejali kama ulikuwa unayumba au umenyooka, kinachoongea ni namba. Halafu kuna kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Hapo namba si lazima, ila lazima apatikane mtu aliyeona: gari lilivyokuwa likienda, ulivyoshuka, ulivyojibu, macho, harufu. Utetezi wa kosa moja haufai kwenye jingine. Nimeshuhudia mtu akileta mashahidi kusema usiku ule alikuwa timamu kabisa, kumbe hati ya mashtaka inazungumzia namba. Hakimu aliwasikiliza kwa adabu wote, kisha akamtia hatiani kwa karatasi moja iliyotoka kwenye mashine.

Hilo kosa la namba lina historia fupi. Norwei ndiyo iliyotangulia kuliandika kwenye sheria, mwaka 1936. Kabla ya hapo ilikuwa askari na daktari kusimulia walichoona. Na namba yenyewe haifanani duniani. England na Wales ni miligramu 80 za kilevi katika kila mililita 100 za damu. Majirani zao Scotland walishuka hadi 50 mwezi Desemba 2014. Uswidi ni 20. Marekani ni 80, ambayo wao huiandika 0.08, isipokuwa jimbo la Utah lililoshuka hadi 0.05 mwishoni mwa 2018. Kwa hiyo mkisoma mahali kwamba fulani alishinda kwa hoja fulani, ulizeni kwanza alishindia sheria ya wapi.

Kuhusu Jumatano: asikiri kabla hajaona karatasi za upande wa mashtaka. Mtu aliyekana anaweza kubadili baadaye akakiri. Aliyekiri akataka kurudi nyuma, hapo ni kazi nzito, mahakama nyingi hazimkubalii bila sababu ya maana sana.

Mama wa Wawili

Samahani mtoa uzi, najua unauguza familia. Lakini mimi niliachiwa watoto wawili na mtu aliyekuwa "kanywa kidogo tu". Kila nikiona nyuzi za jinsi ya kuchomoka, damu inachemka. Mtu kalewa, kashika usukani, kakamatwa. Mnataka nini tena?

Mwanga Hafifu (mtoa uzi)

Dada pole sana. Sina cha kukujibu. Sisi pia tumemsema hadi amenyamaza.

Filimbi

Mama wa Wawili, pole. Mimi nilikuwa trafiki, nimefunika miili barabarani, kwa hiyo hasira yako naielewa vizuri. Lakini nikuambie kitu. Askari akijua karatasi zake hazitaulizwa na mtu, ndipo anapoanza kuandika ovyo, na akiandika ovyo, siku atakayemkamata yule aliyeua kweli, kesi itamponyoka. Mimi nimeona kesi ya ajali mbaya ikifa kwa sababu mpelelezi hakuandika ni nani alibeba chupa ya damu kutoka hospitali kwenda maabara. Wakili hakuhitaji hata kusema mteja wake hakunywa.

Sasa kwa dada Mwanga. Kile kifaa kidogo cha mkononi barabarani, sehemu nyingi ni cha kuchuja tu. Kinampa askari sababu ya kukupeleka kituoni. Ushahidi wenyewe ni ile mashine ya mezani au damu. Kwa hiyo msipoteze nguvu kupigana na kile kidogo. Pigeni hesabu ya kilichotokea tangu alipofika kituoni.

Utaratibu wa kawaida ni kwamba kabla ya kupuliza mashine ya mezani, mtu anakaa mbele ya askari dakika 15 hadi 20. Hali chochote, hanywi, havuti sigara, na anaangaliwa asicheue wala kutapika. Sababu ni kwamba kilevi kilichobaki mdomoni, au kilichopanda kutoka tumboni, kinaipandisha namba bila kuwa kwenye damu. Zile dakika ndizo zinazorukwa. Usiku mmoja una watu watano wa kupuliza, mashine moja, askari wawili, mmoja anajaza kitabu. Halafu asubuhi unakuta kila fomu imeandikwa "aliangaliwa dakika 20". Wakili mzuri anachukua ile karatasi ndogo inayotemwa na mashine, ina saa na dakika, anailinganisha na saa ya kuingizwa mahabusu, na saa iliyoandikwa kwenye daftari la askari pale barabarani. Kama kusimamishwa, safari ya kwenda kituoni, maelezo na dakika 20 vyote vimeenea ndani ya robo saa, kuna mtu anadanganya.

Tairi Kipara

Hapo kwenye dakika 20 nimejifunza kitu.

Boda Bila Breki

Mimi bado naona ni rahisi kuongea na askari mapema, yaishe juu kwa juu kabla ya Jumatano.

Karani Mstaafu

Boda, hilo ni kosa jingine na lina kifungo chake. Na usilete hapa, mtoa uzi ana matatizo ya kutosha.

Mwanga Hafifu (mtoa uzi)

Asante wote. Kilichobaki ni lile swali la kwanza: akitiwa hatiani, kinampata nini? Baba mkwe anasema ni faini tu kwa kuwa ni mara ya kwanza.

Karani Mstaafu

Baba mkwe anahesabu adhabu inayosomwa na hakimu, na hiyo mara nyingi ndiyo nyepesi kuliko zote. Nitatoa mifano ya sheria ninazozijua ili uone mpangilio, kisha wakili wenu atawaambia ya kwenu.

England na Wales, anayepatikana na hatia ya kuendesha akiwa amezidi kiwango hufungiwa leseni si chini ya miezi 12. Hakimu hana hiari hapo, hata ukilia, isipokuwa kwa sababu maalumu chache. Juu yake kuna faini isiyo na ukomo na kifungo kisichozidi miezi sita. Ukirudia ndani ya miaka 10, kufungiwa kunaanzia miaka mitatu. Ukisababisha kifo kwa uzembe huku umelewa, tangu 2022 adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Marekani kila jimbo lina lake: Wisconsin kosa la kwanza halihesabiwi kuwa jinai, ukivuka mpaka wa jimbo unakuta ni jinai yenye mahabusu. Japani wamekwenda mbali zaidi, tangu 2007 hata aliyekupa gari, aliyekupa pombe, na abiria aliyeomba umbebe akijua umelewa, wote wana adhabu zao.

Kuna jambo linalowaponyoka wengi. Nchi nyingine leseni ina njia yake pembeni kabisa na mahakama. Majimbo ya Marekani, mamlaka ya leseni inaweza kuisimamisha kiutawala hata kama kesi haijaanza, na una siku chache tu za kuomba kusikilizwa. California ni siku 10 tangu kukamatwa. Mtu anakaa anasubiri tarehe ya mahakama, kumbe dirisha la kuiokoa leseni limeshafungwa. Kwa kuwa leseni ya shemeji wamebaki nayo, ulizeni leo hii: imeshikwa kwa amri ya nani, kwa muda gani, na inapingwa wapi?

Kisha kuna yasiyotamkwa mahakamani. Bima inapanda au inakataa. Mwajiri anasoma mkataba. Wanaotaka kusafiri au kuhamia nje wanaulizwa kuhusu hatia za nyuma. Kanada waliongeza adhabu ya juu ya kosa hili hadi miaka 10 jela mwezi Desemba 2018, na matokeo yake ni kwamba mgeni mwenye hatia hiyo anahesabiwa kuwa na jinai nzito, anaweza kuzuiwa kuingia au kuondolewa nchini hata kama alilipa faini tu. Faini analipa siku moja. Hayo mengine yatakuwa yakimfuata kila akiomba kazi.

Kalamu ya Mate

Je, asingepuliza kabisa? Kuna jamaa aliniambia dawa ni kukataa tu, hawana ushahidi.

Karani Mstaafu

Huyo jamaa atakuponza. Sehemu nyingi kukataa bila sababu ya maana ni kosa linalojitegemea, na adhabu yake inalingana na ya kulewa au inaizidi. Uingereza ndivyo ilivyo. Sababu ya maana ni kama pumu kali au tatizo la mapafu lenye vyeti, siyo "nilitaka kwanza nimpigie wakili".

Marekani mahakama yao ya juu imechora mstari mzuri kuusoma. Mwaka 2013, kesi ya Missouri dhidi ya McNeely, walisema kuisha kwa kilevi mwilini peke yake si dharura inayotosha kumchoma mtu sindano bila kibali cha hakimu. Mwaka 2016, kesi ya Birchfield dhidi ya North Dakota, wakasema pumzi inaweza kupimwa bila kibali mtu akishakamatwa kihalali, lakini huwezi kumtia mtu jinai kwa kukataa kutolewa damu bila kibali. Kwa maneno mengine, kukupuliza ni jambo dogo, kuingia mwilini mwako kwa sindano ni jingine. Utetezi wa aina hiyo hauhusu kabisa kama ulikunywa. Unahusu kama ushahidi ulipatikana kwa njia halali.

Na wakati mwingine hata sheria yenyewe inaweza kuyumba. Wakenya humu watakumbuka zile kanuni za kipima pumzi walizoziita Alcoblow. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilizibatilisha, kwa kuwa kanuni hazikuendana na sheria mama ya barabarani. Sheria mama ilibaki, na kuendesha umelewa kulibaki kosa vilevile.

Mzee wa Maabara

Nimepita kimya muda mrefu, hapa naona nichangie kidogo kwa sababu ndiyo kazi niliyofanya.

Mashine ya pumzi haipimi damu. Inapima pumzi, kisha inakisia damu. Uwiano uliozoeleka Marekani ni 2100 kwa 1: mililita 2100 za pumzi zina kilevi sawa na mililita moja ya damu. Mtu halisi anaweza kuwa juu au chini ya hapo, na hata mtu yuleyule hubadilika. Ndiyo maana Uingereza waliamua kuweka kiwango cha pumzi chenyewe, mikrogramu 35 kwa mililita 100, ili wasibishane juu ya uwiano. Pia wanachukua pumzi mbili na kutumia iliyo ndogo. Kama nchi yenu inachukua mbili, angalieni zimepishana kiasi gani. Zikipishana sana kuna kitu hakiko sawa, iwe mdomo, iwe mashine.

Damu ni bora, ila ina vidonda vyake. Mkono ulisafishwa kwa nini kabla ya sindano? Pamba ya spiriti ni kilevi. Chupa ilikuwa na dawa ya kuzuia kuchacha, yaani floridi ya sodiamu? Damu isiyo na dawa, ikikaa kwenye joto, vijidudu vinaweza kutengeneza kilevi humohumo ndani ya chupa. Hospitali mara nyingi hupima seramu, yaani majimaji ya damu yaliyotenganishwa na seli zake, badala ya damu nzima, na seramu inasoma juu zaidi kwa zaidi ya asilimia 10. Nimeona jibu la hospitali likipelekwa mahakamani kama lilivyo, hakuna aliyeuliza ni damu nzima au seramu. Mtu alikuwa juu kidogo tu ya mstari. Lile swali moja lingemweka chini yake.

Uingereza damu inagawanywa mara mbili na mshtakiwa ana haki ya nusu yake akapime kwingine. Kama kwenu kuna haki hiyo, muda wa kuitumia unapita haraka.

Filimbi

Na aliyepima aje mwenyewe aseme.

Mzee wa Maabara

Naam. Marekani mwaka 2011, kesi ya Bullcoming dhidi ya New Mexico, mpimaji aliyesaini ripoti ya damu hakuletwa, wakaleta mwenzake wa maabara ileile ambaye hakuigusa sampuli. Mahakama ya juu ikasema hapana, mshtakiwa ana haki ya kumhoji aliyepima. Mimi nilipokuwa kazini nilichukia sana kuitwa mahakamani, siku nzima benchi. Lakini wakili akikuuliza "mashine uliihakiki lini mara ya mwisho", unarudi kazini unaihakiki.

Boda Bila Breki

Haya mimi leo naacha utani. Kuna siku nililala kwenye gari, siti ya nyuma, injini imezimwa, sijaendesha hata mita moja. Askari akagonga kioo. Aliniachia lakini alisema angeweza kunishtaki. Kweli?

Karani Mstaafu

Kweli, kutegemea na sheria. Nchi kadhaa zina kosa la kuwa na mamlaka juu ya gari ukiwa umelewa, hata kama halijatembea. Uingereza lipo, ila lina utetezi wake: uthibitishe kwamba hapakuwa na uwezekano wa kuliendesha ukiwa bado umezidi kiwango. Hapo vitu vidogo vinaongea. Funguo zilikuwa wapi? Ulikuwa siti ipi? Ulikuwa umeshamwita mtu aje akuchukue, na simu inaonyesha? Siti ya nyuma ilikusaidia.

Zipo pia sababu ambazo hazifuti hatia ila zinaweza kuokoa leseni. Kwa mfano gari lilisogezwa hatua chache tu kuondoa kizuizi, au palikuwa na dharura ya kweli ya kuokoa uhai na hapakuwa na njia nyingine, au mtu aliwekewa pombe kwenye kinywaji bila kujua. Hiyo ya mwisho kila mtu anaikimbilia. Lazima umlete aliyeiweka aseme, au uonyeshe kwa hesabu kwamba bila ile nyongeza ungekuwa chini ya kiwango. Mtu aliyesoma mara mbili ya kiwango hawezi kuniambia mimi hakuhisi chochote.

Ipo na ile ya "nilikunywa baada ya kufika nyumbani". Ipo kisheria, hasa ajali ikitokea na mtu kukutwa nyumbani baadaye. Lakini mzigo wa kuthibitisha unakuwa wako, na mtaalamu atapiga hesabu ya ulichosema ulikunywa. Hesabu ikigoma, hakimu anakuona mwongo, na adhabu inapanda kimyakimya.

Mwanga Hafifu (mtoa uzi)

Wakuu, nimepata hati ya mashtaka. Ni kosa la namba. Kiwango kilichosomwa si mara mbili lakini si karibu na mstari pia, kimezidi kama nusu. Hati inasema alisimamishwa saa tano na dakika hamsini usiku. Ila karatasi ya mashine inaonyesha amepuliza saa tano na dakika thelathini. Yaani alipuliza kabla hajasimamishwa!

Boda Bila Breki

Kesi imekufa!!! Andaa sherehe.

Filimbi

Haijafa. Nakujibu kama askari ambavyo angejibu kizimbani: "Mheshimiwa, saa ya mashine ilikuwa nyuma kwa saa moja." Na huenda ni kweli. Mashine hizi saa yake mara nyingi hakuna anayeigusa.

Karani Mstaafu

Filimbi yuko sahihi, ila msilitupe. Saa mbovu peke yake haiangushi kesi mbele ya hakimu makini. Thamani yake ni kwamba inafungua mlango. Ikiwa saa ilikuwa nyuma, nani aliligundua, na lini, na ameandika wapi? Ikiwa hakuna aliyeligundua hadi leo, ni nani aliyekuwa anaikagua hiyo mashine? Hapo wakili anaomba daftari la matengenezo na cheti cha ukaguzi. Na zile dakika 20 za kuangaliwa, zilihesabiwa kwa saa ipi, ya ukutani au ya mashine? Shahidi ambaye hajui hata jibu moja kati ya hayo, kila alichosema kabla kinaanza kutiliwa shaka, na upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha pasipo kuacha shaka ya maana. Mshtakiwa hana kazi ya kuthibitisha kwamba mashine ni mbovu.

Lakini niwe mkweli kwako dada. Kama daftari likija limenyooka, saa ina maelezo ya maandishi ya siku ileile, na askari anaeleza vizuri, basi kuzidi kwa nusu nzima hakuelezeki kwa kucheua. Hapo ndipo baba mkwe anakuwa na hoja.

Kalamu ya Mate

Na vile vipimo vya kutembea kwenye mstari na kusimama mguu mmoja? Kwenye filamu naviona sana.

Filimbi

Marekani wana vitatu rasmi: macho kufuata kalamu, hatua tisa kisigino kwa kidole kwenda na kurudi, na kusimama mguu mmoja kwa sekunde 30. Mwenye goti bovu, mzee, mnene, aliyevaa viatu virefu, au anayetetemeka kwa hofu, anaanguka bila tone la pombe. Na mwenye kisukari sukari ikishuka anaongea kama mlevi kabisa, hilo nimeliona kwa macho yangu, tulikaribia kumfungia mgonjwa. Ndiyo maana kwa lile kosa la kushindwa kulimudu gari, cheti cha daktari kina uzito. Kwa kosa la namba alilonalo shemeji, hakimsaidii.

Mama wa Wawili

Nimesoma yote. Swali langu kwa Karani: na akikiri, ndiyo basi? Au hapo tena kuna mlango?

Karani Mstaafu

Upo, na si wa kuchomokea. England mtu akikiri mapema kabisa adhabu inapunguzwa hadi theluthi moja, ila ule muda wa chini wa kufungiwa leseni haupungui kwa kukiri. Unapungua kwa kumaliza kozi ya madereva walevi, hadi robo ya muda wote. Majimbo mengi ya Marekani, na nchi nyingine, wanamruhusu mtu aendeshe kwa masharti akifungiwa kifaa ambacho gari haliwaki hadi apulize na kiseme hana kilevi. Kwa dereva wa kuajiriwa hicho kinaweza kuwa tofauti kati ya kazi na kukaa nyumbani, kama mwajiri atakubali.

Mahakimu niliowaona hawakuwa wakiguswa na machozi wala "nina familia", kila mtu ana familia. Waliguswa na kitu kilichokwishafanyika kabla ya hukumu. Mtu kaenda mwenyewe kwenye ushauri nasaha, ana barua yenye tarehe. Mtu hajaendesha tangu siku ile. Mwajiri kaandika barua akijua kosa lenyewe, siyo ile barua ya "ni kijana mwema" iliyoandikwa na mjomba. Na jamani, asifike kizimbani ananuka. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja, asubuhi ya kusomewa adhabu!

Mama wa Wawili

Hilo la ushauri nasaha nakubaliana nalo. Mwambie aende kabla ya Jumatano.

Mwanga Hafifu (mtoa uzi)

Nimempa simu asome uzi wote mwenyewe. Tumepata wakili, amesema mambo yaleyale: Jumatano anakana kwa sasa, anaomba karatasi zote na daftari la mashine, kisha wataamua. Na suala la leseni anaenda kuliuliza kesho asubuhi.

Karani Mstaafu

Maombi ya daftari yaende kwa maandishi, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Maombi ya mdomo huwa hayakumbukwi na mtu.

Tairi Kipara

Mzee wa Maabara, kabla hujaondoka. Mimi huwa nakunywa usiku, nalala, naamka saa moja asubuhi naenda kazini. Niko salama?

Mzee wa Maabara

Tupige hesabu. Kuna Msweden aitwaye Erik Widmark aliyeiweka hii hesabu sawa miaka ya 1920 na 1930, na bado tunamtumia. Mwili wa kawaida unaondoa kama miligramu 15 kwa kila mililita 100 za damu kwa saa. Wengine 10, wengine 20 na zaidi. Tuseme saa sita usiku uko kwenye 160, ambayo ni kulewa vizuri. Hadi saa moja asubuhi ni saa saba, umeondoa 105. Umebaki na 55.

Umeoga, umepiga mswaki, unajiona mzima. Pale ambapo kiwango ni 80 umesalimika. Pale ambapo ni 50 unakamatwa. Na kama unaendesha lori Marekani, kiwango cha madereva wa magari ya biashara ni 40, unakamatwa hukohuko kwenye 80 ya wenzako. Na nimekuhesabia 15. Kama wewe ni wa 10, bado una 90.

Tairi Kipara

Kahawa kali je? Maji ya baridi?

Mzee wa Maabara

Ini halijui kama umekunywa kahawa.

Tairi Kipara

Basi kesho napanda basi.